Kwanini wanataka kilo zako kabla ya kupanda ndege ndogo ya pwani

Dada mmoja kaniandikia, nafupisha: "Kaka habari, mwezi ujao nasafiri na mama ana miaka 68, mtoto wangu wa miaka 3 na mdogo wangu wa kiume. Tunaenda pwani ya mbali huko kwenye nchi za joto, ndege ni ndogo ya injini moja na inatua kiwanja cha nyasi. Tiketi inasema kilo 15 pamoja na mkoba, halafu wametuma fomu wanataka kilo za kila mtu, mama kakasirika kweli. Kurudi tunafika mjini saa 11 jioni na saa 3 usiku nina ndege kubwa ya kimataifa. Mdogo wangu anataka kupiga mbizi asubuhi ya siku ya kuondoka. Kuna tatizo hapo? Na mama anauliza, injini moja, ikizima je?"

Dada yangu, tatizo lipo na sio moja, ila yote yanarekebishika manake umeuliza mapema. Mimi nimekaa miaka mingi upande wa kupakia ndege hizi na kuandika karatasi za mzigo, kwa hiyo nitakujibu nikiwa nimesimama pale kwenye mzani, sio kwenye kiti cha abiria.

Tuanze na hizo kilo kwa sababu ndo zinaendesha kila kitu. Ndege kama Cessna Caravan, ambayo ndo utaikuta sehemu nyingi za namna hiyo, hairuhusiwi kuruka ikizidi kama tani 4 jumla, na hapo ndani kuna chuma chenyewe, mafuta, rubani, nyie na mabegi. Ndege kubwa yenye watu 180 inaweza kukadiria abiria kwa wastani, aliyenenepa na aliyekonda wanafidiana, lakini mkiwa abiria 10 au 12 wastani hausaidii kitu. Watu 12 kila mmoja akijipunguzia kilo 5 kwenye fomu kwa aibu tu, hizo ni kilo 60, yaani umepakia mtu mzima ambaye hayupo kwenye karatasi. Na watu wanajipunguzia aisee, sijawahi kuona fomu iliyozidisha.

Sasa ongeza joto. Vitabu vya ndege vinahesabu kuanzia hewa ya kawaida ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Pwani ya tropiki saa 8 mchana unakuta nyuzi 33, hewa imetanuka, imekuwa nyepesi, bawa halipati cha kushika na injini inavuta hewa haba. Kanuni ya haraka ni kwamba kila nyuzi 1 juu ya hiyo 15 ni kama umepandisha kiwanja futi 120, kwa hiyo kwa nyuzi 33 mnaruka kama vile kiwanja kiko kilimani zaidi ya futi 2,100, kama mita 650 hivi, wakati unayaona mawimbi pale ukingoni! Unyevunyevu nao unazidisha, watu wanadhani hewa yenye unyevu ni nzito kumbe ni nyepesi kuliko kavu.

Ngoja nikupigie hesabu moja uone rubani anavyowaza. Chukua ndege ndogo ambayo kwenye lami kavu, siku ya nyuzi 15, inataka mita 500 kuanzia kusimama mpaka kuvuka kimo cha futi 50. Makadirio wanayotumia marubani wa ndege ndogo ni haya: nyasi zilizolowa ongeza asilimia 30, umefika mita 650. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unaongezeka kwa 20, umefika 780. Joto likiwa juu kwa nyuzi 20, kila nyuzi 10 ni asilimia 10, umefika kama 940, na hapo hujaweka akiba ya usalama ambayo rubani mwenye akili lazima aiweke. Kiwanja chenu kikiwa na mita 900 na mwisho wake ni minazi, unaona mwenyewe. Kati ya vitu vyote hivyo kinachoweza kupunguzwa palepale asubuhi ni uzito peke yake, ardhi kavu huwezi kuinunua na joto huwezi kulizima.

Halafu kuna kitu abiria hawaambiwi. Viwanja vingi vya namna hiyo havina mafuta, kwa hiyo ndege inakuja imebeba mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya kuzunguka mvua au kukimbilia kiwanja kingine ikishindikana. Lita 1 ya mafuta ya ndege za tabaini, yaani zenye injini kama ya hiyo Caravan, ni kama kilo 0.8, rubani akiamua kuongeza lita 200 kwa sababu kuna mawingu mabaya njiani hizo ni kilo 160, ni watu wawili. Hapo ndo utasikia "begi lako litakuja na ndege ya kesho". Watu wanatukana, mimi nimetukanwa sana tu, lakini ukweli wa mambo ni kwamba begi limeshuka ili mafuta yapande na mafuta ndo yanayokurudisha. Kwa hiyo dawa za mama, hati za kusafiria, pesa, nguo moja ya mtoto na nepi kama bado anatumia, viwe kwenye mkoba mdogo unaoushika wewe. Usiweke dawa ya presha kwenye begi kubwa hata siku moja.

Na begi lenyewe liwe laini. Kwenye Caravan mizigo mingi inaingia kwenye lile tumbo refu chini ya ndege, ni pana lakini kimo chake kidogo, begi gumu la magurudumu lile la kusimama wima linagoma tu, unaweza kuwa na kilo 12 halali kabisa na likakataliwa kwa umbo. Begi la kitambaa unalikunja, unalisukuma, linaingia. Pawabanki itoe. Mara nyingi ule mkoba uliodhani wa mkononi unachukuliwa mlangoni unatupwa chini na mizigo, na betri za akiba za lithiamu zinatakiwa zikae ndani na watu ili zikishika moto zionekane. Kiwango cha kawaida ni saa-wati (Wh, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) 100, pawabanki ya mAh 20,000 ni kama 74 kwa hiyo haina shida, iweke mfukoni tu.

Kuhusu viti, mtapangwa. Mama anaweza kukaa mbele na wewe nyuma, usigombane na mtu, ni kusawazisha uzito. Siku za mwanzo nikiwa kazini nilikuwa sielewi ile fimbo ya chuma wanayoikita chini ya mkia wakati wa kupakia Caravan. Siku moja wenzangu wamechelewa kuikita na mimi nimeshasukuma magunia mawili kule nyuma, nikaona pua inanyanyuka polepole, gurudumu la mbele likawa linaning'inia, ndege inataka kukaa chini kama mbwa. Tulining'inia kwenye pua watu watatu. Toka siku hiyo sikuwahi tena kumuuliza rubani kwanini anamhamisha bibi kiti.

Sasa muda, na hapa ndo ugomvi wangu na wewe dada yangu. Saa 11 jioni mjini halafu saa 3 usiku ndege ya kimataifa, hapana. Usifanye hivyo. Kiwanja cha nyasi hakina taa, na rubani anaruka kwa kuona kwa macho, kwa hiyo jua ndo linafunga kiwanja. Karibu na ikweta hakuna jioni ndefu, jua likizama ni kama dakika 20 na kitu giza limeshaingia. Ndege yenu haitoki sehemu moja kwenda nyingine tu, mara nyingi inazunguka viwanja vitatu vinne kama basi, ikikwama cha kwanza kwa mvua ya dakika 40 cha nne kinasogea mpaka kinagusa magharibi, na ikigusa magharibi haiji. Haicheleweshwi, haiji kabisa, mpaka kesho. Na tiketi zako ni mbili tofauti nadhani, kampuni ya ndege kubwa haikudai na wewe huidai, ukichelewa umepoteza. Rudi mjini siku moja kabla, lala hapo, hata ukiona ni hasara ya usiku mmoja.

Na ukiweza chukua ndege ya asubuhi. Mchana ardhi inapata joto kuliko bahari, upepo wa baharini unaanza kuingia kwenye saa 4 au 5 na unakuwa mkali alasiri, hewa ya moto inapanda, mnarushwarushwa. Mawingu ya radi nayo nchi kavu hupenda alasiri, na ya tropiki ni marefu mno, yanaweza kufika kilomita 15 na zaidi, ndege ndogo haipiti juu yake, inazunguka au inarudi. Ila nisikudanganye kwamba asubuhi ni dhamana, pwani kuna manyunyu yanayozaliwa baharini usiku na yanaweza kuwasubiri alfajiri. Nafuu tu ni kwamba ndege ya asubuhi ikishindwa, siku bado ndefu, mnaweza kujaribu tena.

Ufike mapema kweli. Kiwanja cha namna hiyo ndege inaweza kuja kabla ya muda, rubani akikuta wote mpo na mvua inakuja anaondoka, hamna tangazo, hamna spika. Kinaweza kuwa kibanda na benchi tu, au hata mti. Choo hakuna uhakika, na ndani ya ndege choo hakuna kabisa, kwa hiyo mtoto na mama waende kabla hamjatoka mlikolala. Beba maji, kofia, dawa ya mbu kama mtakaa mpaka jioni manake mbu wa malaria anaanza kazi giza likiingia. Pata namba ya simu ya mtu aliyepo kiwanjani, sio ya ofisi ya mjini, kwa sababu ofisi ya mjini itakuambia ndege iko njiani hata kama wewe unaona imekaa palepale mbele yako.

Ukiwa unasubiri angalia lile fuko la kitambaa kwenye mlingoti. Likisimama limenyooka kabisa upepo ni kama noti 15, yaani kilomita 28 kwa saa, au zaidi. Ndege inaruka na kutua ikiuelekea upepo, kwa hiyo likielekea sambamba na njia mambo safi, likikaa kukata njia utaona ndege inakuja imegeuza pua pembeni kidogo kama kaa, usishtuke, inajinyoosha mwishoni. Na ikija chini kabisa halafu ikapaa tena bila kutua usianze kulia. Nimeshamuona mzee mmoja amepiga magoti anasali, kumbe rubani alikuwa anafukuza mbuzi! Anapita chini mara ya kwanza, mbuzi wanakimbia, anaona na udongo ukoje, dimbwi liko wapi, halafu anazunguka anatua.

Kama kiwanja chenyewe ni mchanga wa ufukweni, maana vipo, basi uliza habari za maji kujaa na kupwa. Kule Barra, Uskoti, ambako sio tropiki hata kidogo, ndege za abiria zinatua ufukweni kwa ratiba na ratiba yenyewe inafuata maji. Siku za bamvua maji yanapanda sana, na saa za kutua zinasogea kila siku, ukipanga kwa kalenda ya ofisini utakwama. Ila kwa hicho chenu cha nyasi hofu yako iwe mvua ya jana tu, nyasi zinaweza kuonekana nzuri juu na chini pamelainika, gurudumu linazama. Rubani akishuka akatembea kwa miguu mpaka katikati ya njia anakanyagakanyaga, mwache, hiyo ndo kazi.

Kitu kinachonitisha mimi kwenye viwanja hivi sio angani, ni chini. Pangaboi, lile la kwenye pua ya ndege. Linapozunguka hulioni, unaona kama hewa tupu, na kuna wakati ndege inashusha na kupakia haraka bila kuzima injini. Mtoto wa miaka 3 anaona ndege anaifurahia, anachomoka. Mshike mkono, sio "kaa karibu na mama", mshike kabisa au umbebe, tangu injini inasikika mpaka uko kwenye kiti. Msisogee mpaka mfanyakazi awaite, msipite mbele hata kama ndo njia fupi, mwende kwa nyuma ambako mlango wa abiria upo, na kofia ya mama ivuliwe kabla, kofia ikipeperuka mtu anaifuata bila kufikiri na inaelekea kule kusikotakiwa. Msisimame nyuma kabisa pia, mchanga unarushwa na upepo wa injini unaingia machoni.

Mdogo wako na mbizi. Hapana kubwa. Mtu akizama na mtungi, naitrojeni inaingia mwilini chini ya msukumo wa maji na inatoka taratibu, akipanda angani mapema inatoka kama povu la soda lililofunguliwa haraka, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Ushauri wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wapiga mbizi, ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 kama amezama mara nyingi au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kama mbizi ilimlazimu kusimamasimama njiani akipanda. Watu wananiambia "lakini ndege ndogo inaruka chini tu", sawa, lakini haina hewa ya kushindiliwa ndani kama ndege kubwa, ikipanda futi 6,000 mwili wako nao uko futi 6,000. Na halafu mnaunganisha ndege nyingine! Siku ya mwisho aogelee juujuu na miwani tu, au akae anaangalia bahari. Niliwahi kumwacha kijana mmoja kiwanjani kwa sababu nywele zake zilikuwa bado zimelowa na alama ya miwani ya mbizi ipo usoni, akakiri mwenyewe nilipomuuliza. Alinuna mpaka ndege ya kesho yake.

Sasa swali la mama, injini moja ikizima je. Jibu la ukweli ni kwamba injini za tabaini za ndege hizi zinaaminika sana kuliko zile za pistoni za zamani, na ndege ikizima injini haianguki kama jiwe, inateleza, rubani anatafuta pa kuiweka na mara nyingi njia zao zinafuata ufuko kwa sababu hiyohiyo. Ajali zinatokea, sitasema hazitokei, lakini nikikaa kufikiria zile tulizokuwa tunajadili kazini, injini haikuwa stori kubwa. Stori ilikuwa hali ya hewa, uzito, na mtu aliyetaka kufika kwa nguvu. Kwa hiyo rubani akisema leo haturuki, mwambie mama huyo ndo rubani wa kumpenda, na msimsukume, msimuonyeshe tiketi ya ndege kubwa.

Mkipita juu ya maji sikilizeni maelezo ya jaketi la kuokolea. Kitu kimoja tu cha kukumbuka, usilijaze hewa ukiwa ndani ya ndege. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini pale Komoro, na kuna waliokufa kwa sababu walijaza majaketi ndani, maji yalipoingia yakawabana juu kwenye dari wakashindwa kupiga mbizi kuutafuta mlango. Unatoka kwanza halafu unavuta kamba. Hii usimsomee mama, jua wewe.

Mtoto wenu amevuka miaka 2 kwa hiyo kwa kawaida anakaa kiti chake, mpe kitu cha kunyonya au kumeza wakati wa kushuka, masikio yatamsumbua kidogo. Ndani kutakuwa na joto kali mpaka mtakaporuka, muwe na kitambaa kilicholowa.

Tumalizie na fomu, manake mama bado amekasirika. Kilo wanazotaka ni za mtu alivyo, amevaa, na viatu, sio za bafuni asubuhi. Wengine watampima tena kiwanjani, na kama kuna foleni ya watu inaaibisha, naelewa. Siku ya safari mwite wakala pembeni mapema, mwombe mama apande mzani akiwa ameshika begi lake, namba itoke moja ya jumla, karatasi ya mzigo haijali kipi ni begi na kipi ni mama ilimradi jumla ni ya kweli. Nilikuwa nawafanyia wazee hivyo na hakuna rubani aliyelalamika. Ila ujaze leo, ukipeleka siku ya mwisho wanaweza kuwa wameshajaza ndege kwa makadirio yao, na begi litakalobaki litakuwa la kwenu.